PEPMIS: mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS, na kwa nini watumishi wa vijijini wanaulalamikia

Wengi mnaotusikiliza si watumishi wa serikali. Ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, wavuvi wa Kirando na Kasanga, wafanyabiashara wa Laela, Matai na Namanyere. Lakini karibu kila kaya ina mtoto shuleni au ina zahanati inayoitegemea, na kwa njia hiyo neno PEPMIS limeshafika nyumbani. Mwalimu hayupo darasani, unaambiwa amekwenda kutafuta mtandao. Nesi anakuomba usubiri kidogo, anajaza mfumo.

Katika makala hii tunaeleza mfumo huo ni kitu gani, ulichukua nafasi ya nini, malalamiko yanatoka wapi, na nini mtumishi, msimamizi wake na mwananchi wa kawaida wanaweza kufanya.

Kabla ya PEPMIS kulikuwa na nini?

Zamani mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri. Mkuu wake aliandika maoni juu yake mara moja kwa mwaka, akayapeleka juu, na mtumishi mwenyewe hakuona kilichoandikwa. Ukigombana na mkuu, ulipata habari zake siku wenzako walipopanda daraja na wewe ukabaki.

Mwaka 2004 serikali ikaleta OPRAS, ambayo kwa Kiswahili iliitwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, kwa kifupi MWAMTUKA. Ilikuwa fomu ya karatasi. Mwanzoni mwa mwaka wa fedha, yaani Julai, mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa pamoja na kukubaliana malengo. Katikati ya mwaka wanapitia walipofika. Mwisho wa mwaka, Juni, wanatoa alama na wote wawili wanatia saini. Jambo jipya lilikuwa hilo la uwazi: mtumishi aliona alama zake, na asipokubaliana nazo aliandika.

Kwenye karatasi utaratibu ulikuwa mzuri. Kwenye utekelezaji, ulilegea. Ikawa kawaida mtumishi kukumbuka OPRAS pale anapotakiwa kupandishwa cheo, kisha anajaza fomu za miaka mitatu kwa siku moja, na mkuu wake anasaini zote mezani bila kuuliza. Mtumishi hodari na mtumishi mtoro wakawa na fomu zinazofanana. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyotolewa ya kuiacha.

PEPMIS ni nini?

PEPMIS ni mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa utendaji kazi wa watumishi wa umma. Unasimamiwa na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Watumishi walianza kuingizwa kwa wingi katika mwaka wa fedha 2023/2024. Una ndugu yake anayeitwa PIPMIS, ambaye anapima taasisi nzima badala ya mtu mmoja mmoja.

Mtumishi anaingia kupitia akaunti yake ya Watumishi, ile inayoitwa ESS, kwa kutumia cheki namba, yaani namba ya hundi ya mshahara, na neno la siri. Anaweza kutumia kompyuta, kishikwambi au simu janja, ilimradi kuna intaneti.

Ndani yake mambo yanakwenda hivi. Kwanza mtumishi anaunganishwa na msimamizi wake. Kwa mwalimu, msimamizi ni mkuu wa shule au mwalimu mkuu. Kwa nesi wa zahanati ni mganga mfawidhi. Kisha yanaandikwa majukumu ya mwaka, na chini ya kila jukumu kazi ndogondogo zenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Msimamizi anaidhinisha. Baada ya hapo mtumishi anatakiwa kuonyesha kila mara amefikia wapi, na msimamizi anapitia na kutoa alama.

Tofauti kubwa na OPRAS ni muda. Fomu ya karatasi ilikusubiri kabatini mwaka mzima. Mfumo unataka kuona kazi inaingizwa inapofanyika, na unaweka kumbukumbu ya siku uliyoingiza. Huwezi tena kukaa siku moja ukaandika miaka mitatu.

Akaunti hiyo ya ESS ina mambo mengine pia, yakiwemo maombi ya uhamisho na maombi ya mikopo. Kumbuka jambo hili, tutalirudia tukifika kwenye neno la siri.

Malalamiko yanatoka wapi?

Ukisikiliza juujuu utadhani watumishi hawataki kupimwa. Wapo wasiotaka, hilo halina ubishi. Lakini malalamiko mengi yanahusu mambo sita yanayoshikika.

*Mtandao na umbo la nchi yetu.* Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Upande mmoja nchi inashuka kwa kasi kwenda bonde la Ziwa Rukwa, kwenye vijiji kama Muze, Mtowisa na Ilemba. Upande mwingine inashuka kwenda Ziwa Tanganyika. Mawimbi ya simu hayapendi kuzungushwa nyuma ya mlima. Mnara ulio juu hauoni vizuri kijiji kilicho chini ya ukingo. Sisi wa redio tunalijua hili, maana hata masafa ya FM hufifia gari likianza kuteremka. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika mikoa 26. Minara ya namna hiyo inasaidia sana, lakini kupata mtandao wa kupiga simu na kupata intaneti ya kufungua mfumo ni mambo mawili. Simu inaweza kuita vizuri huku ukurasa unazunguka tu.

*Umeme na vifaa.* Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme unaonunuliwa Zambia na majenereta, kwa sababu ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Vijiji vingi vilitegemea sola ndogo. Baada ya Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilielekezwa kwa walimu, na hilo lilisaidia. Lakini kishikwambi kinachajiwa, kioo kinapasuka, na mtumishi wa zahanati si lazima awe nacho.

*Bando.* Mfumo ni wa mwajiri, lakini mara nyingi intaneti inalipwa na mfuko wa mtumishi. Mwalimu anayeanza kazi, mwenye kodi ya nyumba na wadogo zake wa kusomesha, anahesabu kila bando. Akipoteza megabaiti kwa ukurasa ulioshindwa kufunguka mara tano, hasira zake haziendi kwa mnara, zinakwenda kwa PEPMIS.

*Mafunzo yanayopungua yakishuka.* Mafunzo ya mifumo hutolewa kwa ngazi. Wanaanza maofisa wa mkoa na halmashauri, wanafuata wakuu wa vituo, halafu wao wawafundishe walio chini yao. Kama maji ya mfereji, yanapungua kila yanapopita. Wa juu alikaa siku nzima na kompyuta mbele yake. Wa mwisho anaelekezwa nusu saa baada ya kikao, kwa simu ya mwenzake, au anatumiwa picha za hatua kwenye kundi la WhatsApp.

*Kazi isiyoingia kwenye kisanduku.* Mkunga aliyeamshwa saa nane usiku kumzalisha mama aliyeletwa kwa bodaboda amefanya kazi kubwa kuliko yote ya wiki hiyo. Ataiandika wapi, na kwa asilimia ngapi? Mwalimu anayefundisha darasa la watoto zaidi ya mia anaandika "kufundisha Hisabati", sawa na mwenzake mwenye watoto 40. Mfumo unapenda kazi yenye mwanzo, mwisho na idadi. Kazi za vijijini nyingi hazina mwisho, na aliyezoea kuandika vizuri anaweza kuonekana bora kuliko aliyezoea kutenda vizuri.

*Msimamizi asiyeingia.* Hili ndilo linalouma zaidi. Mtumishi anajaza kila kitu kwa wakati, lakini msimamizi wake hajaidhinisha. Ama hana mtandao, ama hajui hatua, ama amehamishwa na jina lake bado limo kwenye mfumo. Aliye chini anahesabiwa hajakamilisha, kwa kosa ambalo hana uwezo wa kulirekebisha.

Juu ya hayo sita, karatasi za zamani hazijaondoka. Mwalimu bado ana azimio la kazi, andalio la somo na daftari la mahudhurio. Mtumishi wa zahanati bado ana rejesta za wagonjwa. Mfumo uliokuja kupunguza makaratasi, kwa yule wa chini umeongezwa juu ya makaratasi.

Mbona unatetewa, basi?

Kuna sababu za kweli. Mwananchi anayelipa kodi ana haki ya kujua kama mtumishi wake anafanya kazi. Mzazi ambaye shule ya kijiji chake ina mwalimu anayeonekana siku mbili kwa wiki hawezi kulia na OPRAS, ambayo ilimpa mwalimu huyo alama nzuri kila mwaka.

Mfumo pia unamlinda mtumishi. Alama zako haziwezi kupotea kwenye faili, na mkuu mwenye chuki hawezi kusema hukufanya jambo ambalo yeye mwenyewe aliliidhinisha mwezi uliopita. Na kupitia akaunti hiyo hiyo, mambo yaliyokuwa yanamtoa mtu kijijini yamerahisishwa. Watumishi wa zamani wa Nkasi na Kalambo wanakumbuka safari za basi hadi Dodoma kufuatilia barua ya uhamisho, siku mbili njiani, nauli na malazi juu yako, na ukifika unaambiwa faili halionekani. Leo ombi linaanzia kwenye simu.

Kwa hiyo mvutano si kati ya watu wanaotaka maendeleo na watu wasioyataka. Ni kwamba chombo kimetengenezwa kikidhani kuna intaneti, umeme na muda, halafu kikapelekwa kila mahali kwa tarehe moja.

Hata mkulima ameshapita huku

Wakulima wa Rukwa hawahitaji kuelezwa sana habari ya mfumo mpya. Msimu wa 2022/2023, serikali ilipoleta ruzuku ya mbolea, mkulima alitakiwa kusajiliwa na kupata namba yake, na wakala aliuza kwa kuhakiki kwenye mfumo. Lengo lilikuwa zuri: mbolea imfikie mkulima wa kweli, isiishie kwa walanguzi. Lakini mtandao ukigoma, mfuko wa mbolea upo dukani, hela unayo mkononi, mvua imeshaanza, na hamuwezi kuuziana.

Mafundi na wauzaji wa mchanga na mawe nao wameonja. Mwaka 2023 manunuzi ya serikali yalihama kutoka mfumo wa TANePS kwenda NeST, na fundi wa kijijini anayetaka kazi ya kujenga darasa akajikuta anatakiwa kujisajili mtandaoni kwanza.

Nje ya nchi walipata somo gani?

Tusidhani haya ni ya nchi maskini tu. Kanada, Februari 2016, serikali ilianza kutumia mfumo mpya wa mishahara ulioitwa Phoenix, kwa watumishi karibu 290,000. Kabla haujathibitika kuwa unafanya kazi, nafasi za wahasibu wazoefu wa mishahara zilikuwa zimeshafutwa na kazi kuhamishiwa kituo kimoja. Matokeo yake watu wengi wakalipwa pungufu, wengine wakazidishiwa na baadaye kudaiwa, wengine hawakulipwa kabisa. Miaka mingi ilipita wakiwa bado wanarekebisha.

Uingereza ilikuwa mbaya zaidi. Shirika la posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon mwaka 1999. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Waendesha posta ndogo za vijijini walisema hawakuiba. Wakaambiwa kompyuta haikosei. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Ilifika Mei 2024 ndipo Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufuta hatia hizo.

Sisi hatujafika huko, na PEPMIS haihesabu fedha za mtu. Lakini funzo linatuhusu: mtu wa mwisho kwenye mfumo, aliye mbali kuliko wote, ndiye wa kwanza kuona kasoro. Akiitwa mvivu badala ya kusikilizwa, kasoro inabaki na kukua.

Mtumishi afanye nini?

1. *Jaza mapema.* Mwisho wa Juni nchi nzima inaingia kwa pamoja. Jaza mara kwa mara, alfajiri au usiku, wakati mtandao hauna watu wengi.

2. *Weka daftari.* Andika kila siku kazi uliyofanya, tarehe na idadi. Siku ukipata mtandao unanakili tu, huanzi kukumbuka. Daftari hilo pia ni ushahidi wako.

3. *Piga picha ya skrini.* Mfumo ukigoma, hifadhi picha inayoonyesha tarehe na ujumbe uliotokea. "Mtandao ulisumbua" bila ushahidi ni maneno matupu.

4. *Msimamizi akichelewa, andika.* Mkumbushe kwa mdomo kwanza, kwa heshima. Asipofanya, mwandikie barua fupi, nakala kwa afisa utumishi wa halmashauri, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Msimamizi akiwa amehama, omba jina libadilishwe kwenye mfumo mapema, usisubiri Juni.

5. *Usitoe neno la siri.* Tunajua wapo wanaompa kijana wa steshenari cheki namba na neno la siri, anawajazia kwa malipo kidogo. Akaunti hiyo ndiyo yenye maombi ya mkopo na ya uhamisho. Anayeingia kwa jina lako anaweza kufanya mambo mengi kwa jina lako. Kama huna kifaa, tumia cha steshenari, lakini uingie mwenyewe, utoke mwenyewe, na usikubali kompyuta ikuhifadhie neno la siri. Kama ulishampa mtu, libadilishe leo.

6. *Tumia vyombo vyenu.* Suala la bando na vifaa halitatuliwi na mtu mmoja. Lipelekeni kwenye baraza la wafanyakazi na kwenye chama chenu, iwe CWT, TUGHE au TALGWU, ili liingie kwenye bajeti ya halmashauri.

Wasimamizi na halmashauri

Mkuu wa kituo anayeidhinisha kazi za watu kumi na tano ana deni kwa watu kumi na tano. Atenge siku maalumu kila mwezi. Halmashauri nazo zina njia zisizo na gharama kubwa: ofisi ya kata yenye mtandao ifunguliwe kwa zamu, Jumatatu shule hii, Jumanne zahanati ile, ili kituo kisibaki tupu. Na afisa TEHAMA akishuka kwenye kata mara mbili kwa mwaka, akakaa na watu na simu zao wenyewe, atamaliza matatizo ambayo nyaraka kumi hazijamaliza.

Mwananchi afanye nini?

Zahanati ikifungwa kwa sababu mtumishi pekee amekwenda kutafuta mtandao, mgonjwa ndiye anayelipa. Una haki ya kuuliza, na uulize mahali panapostahili. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kwani kamati ya shule na kamati ya kituo cha afya zipo kwa ajili hiyo. Kuuliza si kumshambulia nesi. Swali ni hili: kuna utaratibu gani wa zamu, ili kujaza mfumo kusifunge mlango?

Ukitaka kupeleka malalamiko, ushauri au hata pongezi moja kwa moja serikalini, upo mfumo wa e-Mrejesho. Unapatikana pia kwa kupiga *152*00# kwenye simu ya kawaida ya batani, kisha kufuata maelekezo. Hauhitaji intaneti wala bando, na mtumishi naye anaweza kuutumia.

Maneno utakayokutana nayo

*OPRAS* au *MWAMTUKA*: fomu ya wazi ya kupima utendaji, iliyoanza 2004.

*PEPMIS*: mfumo wa kielektroniki unaompima mtumishi mmoja mmoja.

*PIPMIS*: mfumo unaopima taasisi nzima.

*ESS*: akaunti ya mtumishi mtandaoni, ambamo PEPMIS imo pamoja na huduma nyingine.

*Cheki namba*: namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya serikali.

*e-Mrejesho*: njia ya mwananchi kupeleka maoni na malalamiko kwa taasisi za umma.

Kama wewe ni mtumishi na umepata njia iliyokusaidia kujaza mfumo bila kuacha kituo chako wazi, tuandikie au tupigie wakati wa kipindi. Njia iliyofanya kazi Mtowisa inaweza kumsaidia mwenzako aliye Kasanga.